Leseni Ikiongezwa Muda, Mkono wa Rubani Unaongezwa na Nani?

Abiria wa ndege kati ya Dar es Salaam na Mtwara huuliza mengi kabla ya kufunga mkanda. Huuliza kilo za mzigo, huuliza kama safari itachelewa, huuliza kama mfuko wa korosho nao unahesabiwa kuwa begi la mkononi. Akibahatika kukaa upande wa bahari, ataiona delta ya Rufiji, kisha Mafia, kisha visiwa vya Kilwa, na baada ya saa moja na ushee minazi ya Mikindani itamkaribisha. Swali moja haliulizi, na hakuna anayetarajia aliulize: huyu aliyeshika usukani kule mbele, mara ya mwisho alitua na ndege ya aina hii lini?

Sheria ndiyo inayouliza kwa niaba yake. Mkataba wa Chicago wa Desemba 7, 1944, uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), una viambatanisho vinavyoeleza viwango vya kazi hii. Kiambatanisho cha 6 kinamtaka rubani kiongozi wa ndege ya abiria awe ameruka na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, kwa ndege ya aina ileile au kwa simuleta iliyoidhinishwa. Mara mbili hazitoshi. Mwenye saa 10,000 kwenye kitabu chake cha safari na kijana aliyepata kazi mwaka jana wote wanapimwa kwa kalenda hiyohiyo moja.

Na hiyo si kalenda pekee inayomfuata rubani. Ipo ya afya. Cheti cha daraja la kwanza, kile anachopaswa kuwa nacho mtu anayerusha abiria kwa malipo, hudumu miezi 12. Akishavuka miaka 40, na akawa anarusha abiria peke yake bila rubani wa pili, kinadumu miezi sita tu. Watu wa pwani ya kusini wana sababu ya kulijua hili, kwa kuwa ndege ndogo zinazotua Mafia, Songo Songo na Kilwa, Cessna Caravan na nyingine za ukubwa wake, mara nyingi hurushwa na mtu mmoja. Kwa hiyo rubani wa miaka 45 wa Caravan anatakiwa kwa daktari wa anga mara mbili kwa mwaka, ilhali mwenzake wa umri uleule anayepeleka ATR ya viti 70 Mtwara huenda mara moja. Hakuna upendeleo hapo. Wa kwanza akizimia hewani, kiti cha pembeni yake hakina mtu wa kumpokea.

Ipo kalenda ya umahiri. Mara mbili kwa mwaka rubani wa shirika huketi mbele ya mtahini, na kazi ya mtahini siku hiyo ni kumharibia safari: anamzimia injini moja pale magurudumu yanapoachana na lami, anamjazia moshi chumbani, anamfungia ukungu uwanja anaoukaribia. Sheria imekuwa na akili kiasi cha kukataa ujanja wa kufanya mitihani miwili inayofanana ndani ya miezi minne na kudai kuwa mwaka umekamilika. Ipo pia kalenda ya njia: kama rubani kiongozi hajaipita njia au eneo fulani kwa miezi 12, iwe kama rubani, kama mkaguzi au hata kama mtazamaji aliyekaa nyuma ya wenzake, haruhusiwi kuirudia kama kwamba anarudi nyumbani. Kiingereza cha redioni nacho hupimwa. ICAO inapendekeza mwenye ngazi ya nne apimwe tena kila miaka mitatu, wa ngazi ya tano kila miaka sita, na aliyefika ya sita aachwe.

Machi 2020 kalenda zote hizi ziliendelea kuhesabu, ila dunia ikasimama kwa sababu ya korona.

Tanzania ilitangaza karantini ya siku 14 kwa kila anayeingia nchini kuanzia Machi 23. Kenya ilisimamisha safari za kimataifa Machi 25. Afrika Kusini ikajifungia Machi 27. Aprili serikali yetu nayo ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa, ikaja kuzifungulia tena Mei 18. Safari za ndani hazikufungwa. Mtu angedhani basi kwamba rubani wa Dar–Mtwara, Dar–Mwanza au Dar–Songea hakuguswa na lolote isipokuwa viti vitupu nyuma yake.

Aliguswa, na alikoguswa ni kwenye simuleta. Simuleta kamili, ile inayotikisika na kuinama kama ndege yenyewe, hugharimu mamilioni ya dola, na aina moja ya ndege huhitaji mashine yake. Dash 8 Q400 ina ya kwake, ATR ina ya kwake, Airbus A220 ina ya kwake. Marubani wetu wanaorusha ndege hizo huzifuata mashine nje ya nchi: Addis Ababa, Johannesburg, Toulouse na kwingineko. Ukiziangalia tarehe za aya iliyotangulia utaona kilichotokea. Mpaka wa huku ulipofunguka, wa kule ulikuwa umefungwa. Afrika Kusini haikuruhusu safari za kimataifa za kawaida hadi Oktoba 1. Rubani angeweza kuwa anaruka kila siku, mkono wake mwepesi, afya yake njema, na bado mtihani wake wa miezi sita ukafika tarehe yake ya mwisho akiwa hana mahali pa kuufanyia.

Jambo la aina hiyo halikuwa la nchi moja. Kwa takwimu za ICAO, abiria wa ndege duniani walishuka kutoka takriban bilioni 4.5 mwaka 2019 hadi takriban bilioni 1.8 mwaka 2020. Maelfu ya ndege ziliegeshwa, na kila ndege iliyoegeshwa iliegesha na marubani wake. Kama sheria ingeachwa ifanye kazi yake bila kulegezwa, baada ya miezi michache kungekuwa na ndege za kubeba dawa na barakoa lakini watu wachache wenye karatasi halali ya kuzirusha.

Ndipo nchi moja baada ya nyingine zikaanza kutoa nyongeza za muda. Marekani ilitoa kanuni maalumu iliyoanza kutumika Aprili 30, 2020, ikarekebishwa mara mbili mwaka uleule, na ikaisha Machi 31, 2021. Napenda kuitaja kwa undani kwa sababu watu wengi wanapoisikia habari ya kuongezewa muda hudhani ni kama kusogeza mbele tarehe ya kodi ya nyumba. Sivyo ilivyoandikwa. Rubani ambaye mapitio yake ya kila miaka miwili yalikuwa yamefika mwisho aliongezewa miezi mitatu, lakini kwa sharti kwamba awe amerusha ndege kama rubani kiongozi kwa saa zisizopungua 10 katika miezi 12 iliyotangulia, na awe amemaliza masomo ya usalama ya mtandaoni yaliyotajwa. Anayeruka kwa kutegemea vyombo badala ya macho, ambaye kwa kawaida hutakiwa kufanya mikaribio sita ya kutua kwa vyombo ndani ya miezi sita, aliruhusiwa kurudi nyuma hadi miezi tisa kuihesabu. Lakini mitatu kati yake ilipaswa kuwa ya miezi sita ya karibuni. Kwa maneno mengine, waliotengeneza kanuni ile walikataa kumwongezea muda mtu aliyekuwa amekaa bure kabisa. Nyongeza ilikuwa ya yule aliyebaki na kitu mkononi.

Nchi za Afrika Mashariki nazo zina mlango wa namna hiyo ndani ya kanuni zao. Kanuni za anga za Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zao zinaoanishwa na wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaosimamia usalama wa anga, CASSOA, ulioanzishwa mwaka 2007 na wenye makao Entebbe. Humo imo sehemu inayoiruhusu mamlaka ya nchi kutoa msamaha kwa muda maalumu, mwombaji akieleza kwa nini anauhitaji na ni kwa njia gani usalama hautapungua. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo yenye uzito. Nusu ya kwanza kila mtu anaweza kuiandika.

Sasa chukua sheria hizo uzitandaze juu ya ramani ya Mtwara.

Kutoka mjini hadi mdomo wa Ruvuma ni mwendo mfupi hata kwa gari. Anayekwenda Msumbiji kwa barabara huenda Kilambo akavuka kwa pantoni, au hupanda hadi Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, ambako Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010. Kote huko atakuta afisa wa uhamiaji na kitabu chake. Kwa ndege mto huo ni dakika chache, na Pemba ya Msumbiji iko takriban kilomita 300 tu kusini mwa Mtwara. Juu ya mto hakuna afisa. Kuna Mkataba wa Chicago.

Kifungu cha 38 kinaitaka nchi ambayo haifuati kiwango fulani iiarifu ICAO. Kifungu cha 39 kinasema kama mwenye leseni hajatimiza masharti yote ya kimataifa, upungufu wake uandikwe juu ya leseni au uambatishwe nayo. Kifungu cha 40 kinamalizia kwa ukali: mtu wa namna hiyo asishiriki katika safari za kimataifa isipokuwa kwa ruhusa ya nchi anayoiingia. Kwa hiyo rubani aliyeongezewa muda na mamlaka yake akabaki anakwenda Mtwara na kurudi Dar es Salaam hana tatizo. Yuko ndani ya nchi iliyompa nyongeza. Akitakiwa kesho yake kuvuka Ruvuma kwenda Pemba, au kukata mashariki kwenda Ngazija, nyongeza ileile inageuka kuwa upungufu unaohitaji kukubaliwa na mwenyeji. Rubani ni yuleyule, ndege ni ileile, hali ya hewa ni ileile.

ICAO iliona mapema kwamba kama kila rubani atalazimika kuomba ruhusa nchi kwa nchi, ndege za mizigo zitasimama. Mwanzoni mwa Aprili 2020 iliziandikia nchi wanachama, kisha ikafungua mfumo ambamo kila nchi iliandika tofauti zake za muda zilizotokana na korona na kueleza kama inazikubali za wenzake. Utaratibu huo ulidumu hadi Machi 31, 2021. Kuanzia Aprili 1 ukafuatiwa na mwingine uliokuwa mwembamba zaidi, wa misamaha mahsusi, kwa sababu ilikwisha kuonekana kwamba nyongeza juu ya nyongeza inaanza kuzaa marubani ambao kwenye karatasi ni kamili na kwenye kiti ni wageni.

Kukubaliana kwenye mfumo ni rahisi kuliko kukubaliana kwenye anga. Agosti 1, 2020, Tanzania ilizuia ndege za Kenya Airways baada ya Kenya kutoiweka kwenye orodha ya nchi ambazo wageni wake wangeruhusiwa kuingia, na baadaye mwezi huo mashirika mengine matatu ya Kenya yakafuata. Zuio liliondolewa Septemba 16. Ugomvi ule haukuwa wa leseni, lakini ulionyesha jinsi ruhusa ya jirani inavyoweza kutoweka kwa sababu ambazo hazimhusu rubani hata chembe.

Kwa mtu wa Mtwara kuna kipengele kingine ambacho ni cha zamani kuliko korona, na mimi nakiona kuwa ndicho chenye busara kuliko vyote. Kimo katika Kiambatanisho cha 1, kinachohusu leseni. Kinazungumzia rubani aliyeko kazini mahali pa mbali na kituo kilichoteuliwa cha kupima afya. Huyo anaweza kuahirishiwa kipimo. Asiyebeba abiria wala mizigo ya malipo huahirishiwa mara moja, kwa muda usiozidi miezi sita. Anayefanya safari za biashara huahirishiwa vipindi viwili mfululizo vya miezi mitatu mitatu. Lakini katika kila kipindi lazima apimwe na daktari wa anga aliyeteuliwa wa eneo lile, na kama hayupo, basi na daktari yeyote mwenye kibali halali cha kutibu hapo, na ripoti yake ipelekwe kwa mamlaka iliyotoa leseni.

Hebu fikiria rubani wa helikopta au ndege ndogo aliyewekwa kusini kwa miezi kadhaa, anahudumia shughuli za gesi au wagonjwa wa dharura, na cheti chake kinaisha wakati hawezi kuondoka. Kwa kipengele hicho, daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Ligula anaweza kumpima moyo, macho, masikio na shinikizo la damu, akaandika alichokiona. Yule mtu hakuachwa aruke kwa sababu tu hali ni ngumu. Amepimwa, ila si na yule aliyezoeleka. Na kuahirisha huko kuna mwisho wake: kikipita kipindi cha pili hakuna cha tatu. Waliokiandika walijua kwamba mahali pa mbali pana watu wenye ujuzi pia, jambo ambalo ofisi nyingi za makao makuu huchelewa kulikumbuka.

Afya, hata hivyo, inaweza kupimwa na mtu mwingine. Mkono hauwezi. Nahodha wa jahazi wa Mikindani akikaa miezi mitatu nchi kavu hasahau bahari wala majina ya miamba. Anachopungukiwa ni ule wepesi wa kulegeza kamba upepo unapogeuka kabla hajafikiri. Rubani ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba yeye ana abiria 70 na kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa anapogusa ardhi.

Kwamba wepesi huo ulipungua mwaka 2020 si nadharia. Chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, kilieleza kuwa mikaribio isiyotulia, yaani ndege inayokuja kutua ikiwa na kasi kubwa mno, ikiwa juu mno au haijakaa sawa na njia, ilipanda kutoka 13 au 14 katika kila safari 1,000 hadi zaidi ya 35 mwezi Mei. Wengine walilaumu wepesi wa ndege zisizo na abiria na waongoza ndege walioruhusu njia za mkato katika anga tupu. Ni kweli, hayo yalichangia. Lakini Septemba mwaka ule, huko Medan nchini Indonesia, ndege iliyobeba abiria 307 na wahudumu 11 ilitoka nje ya njia ya kutua, na wachunguzi wa nchi hiyo walipofungua kumbukumbu walikuta kwamba rubani wake alikuwa ameruka chini ya saa tatu katika siku 90 zilizotangulia, na rubani msaidizi hakuwa ameruka tangu Februari 1. Wote wawili kwa pamoja. Hilo ndilo linalonishtua: kwamba mpangaji wa zamu aliwaweka chumba kimoja watu wawili waliokaa bure, wakati mmoja angeweza kuwekwa na aliyekuwa akiruka kila wiki. Kitu hicho hakihitaji sheria mpya wala fedha. Kinahitaji mtu mwenye orodha ya majina na kalamu.

Korona ilipoondoka, tatizo halikuondoka nayo. Mwishoni mwa 2022 Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) lililazimika kuegesha baadhi ya Airbus A220 zake kwa sababu ya hitilafu za injini zilizowasumbua wamiliki wa ndege hizo duniani kote. Ndege ikiegeshwa, siku 90 za rubani aliyeidhinishwa kwa aina hiyo haziegeshwi. Hakuna waraka wa ICAO unaokuja kumwokoa kwa sababu hakuna janga la dunia. Kuna simuleta ya mbali, tiketi, hoteli na ada ya kila saa. Shirika lenye fedha hulipa. Lisilo na fedha huanza kutazama kipengele cha msamaha kwa jicho la matumaini, na hapo ndipo msimamizi anapojulikana ni mtu wa aina gani.

Kuna pia kundi ambalo halina shirika la kulilipia. Vijana wa Masasi, Newala na Mtwara mjini waliomaliza mafunzo ya urubani, iwe Soroti nchini Uganda, katika chuo kilichoanzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1971, au Afrika Kusini, hurudi na leseni ya biashara yenye saa mia mbili na kitu. Ajira ikichelewa mwaka mmoja, cheti cha afya kinaisha, idhini ya kuruka kwa vyombo inaisha, na zile mara tatu za kuruka na kutua haziko popote. Kuzirudisha ni kukodi ndege kwa saa, kwa dola. Familia iliyouza shamba la mikorosho ili kumsomesha inaulizwa tena kama kuna shamba jingine. Mijadala ya nyongeza za muda ilipowazungumzia marubani, iliwazungumzia walio kazini. Hawa walihesabiwa kama watu ambao hawajaanza.

Nyongeza ya muda ni ahadi inayotolewa na msimamizi kwa niaba ya abiria, kwa hiyo thamani yake haiwezi kuzidi thamani ya msimamizi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) imewahi kuonyesha meno: Desemba 2008 iliiondolea ATCL, shirika la taifa, cheti cha uendeshaji kwa sababu za usalama, jambo ambalo si kila mamlaka barani ingethubutu. Lakini Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliliweka shirika hilohilo, Air Tanzania, kwenye orodha yake ya mashirika yaliyopigwa marufuku katika anga yake, na Juni 2025 ukayaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Safari hii lawama hazikuelekezwa kwa ndege. Tume ya Ulaya ilitaja upungufu mkubwa wa wataalamu wenye sifa, usimamizi usiofaa na kutozingatia viwango vya kimataifa, katika ngazi ya mamlaka.

Mtu anaweza kubishana na Ulaya, na wengi wamebishana. Orodha ile imelalamikiwa na Waafrika kwa miaka mingi, wakati mwingine kwa haki. Hata hivyo, hoja ya wataalamu wachache inagusa moja kwa moja habari yetu. Mtahini naye ana kalenda. Mkaguzi wa marubani wa Q400 anapaswa mwenyewe kuwa hai kwenye aina hiyo, na kama wako wachache, kila mmoja wao akiugua au akistaafu mitihani inarundikana. Rundo la mitihani huzaa maombi ya nyongeza. Maombi mengi mbele ya wakaguzi wachache huzaa saini za haraka. Hakuna aliyekusudia ubaya katika mnyororo huo.

Mtwara yenyewe imebadilika tangu 2020. Njia ya kurukia ya uwanja wake imerefushwa kutoka mita 2,258 hadi 2,800 na kupanuliwa, na mradi ulijumuisha taa za kuongozea ndege ili uwanja usifungwe na machweo. Ni maendeleo ambayo mkoa uliyasubiri muda mrefu, na msimu wa korosho kila mtu mjini ana sababu ya kuyafurahia. Lakini taa nazo zina kalenda yake. Katika kanuni nyingi duniani, kutua mara tatu mchana hakumpi rubani haki ya kubeba abiria usiku. Anatakiwa awe ametua usiku. Pwani ya kusini usiku ni bahari nyeusi upande mmoja na misitu upande wa pili, na taa za mji ni chache, kwa hiyo macho hayana cha kushikilia hadi njia yenyewe ionekane. Kama ratiba ya usiku itakuwa ya mara mojamoja, marubani watakaoiendesha watakuwa wakitua gizani hapa mara mojamoja pia, na shirika litapaswa kuamua wazifanyie wapi zile za kujazia.

Marekani ilipoandika kanuni yake ya 2020 iliichapisha kwenye gazeti la serikali, kila sharti na kila tarehe, na raia yeyote aliweza kuisoma bila kuomba. Sioni kwa nini misamaha inayohusu ndege za hapa isitangazwe vilevile. Jina la rubani halihitajiki, wala halitufai kitu. Kinachofaa ni kujua ni sharti gani limelegezwa, kwa ndege za aina gani, kwa shirika lipi, hadi tarehe ipi, na ni kitu gani kimewekwa badala ya kile kilichoahirishwa: simuleta ndogo, mkaguzi aliyekaa kiti cha nyuma kwa safari kadhaa, au zamu iliyopangwa ili mkavu wa mkono asikae na mkavu mwenzake. Tangazo la hivyo halizidi ukurasa mmoja wa Kiswahili, na kwenye jengo la abiria la Mtwara ukuta wa kulibandika upo, pembeni ya bango linalotukataza kuingia na mafuta ya taa na visu.